“Mama, ni pauni mbili tu”

Saa mbili asubuhi mwezi Januari, mji wa Coventry, Uingereza, unakuwa bado haujapambazuka vizuri. Mama mmoja mwenyeji wa Tanga alikuwa ametoka zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, miguu imevimba, mkononi ana mfuko wa mkate na maziwa. Alipopita mbele ya chumba cha mwanawe aliona mwanga chini ya mlango. Akafurahi. Alidhani kijana ameamka mapema kujisomea.

Alipofungua, alimkuta amekaa kitandani na nguo za jana. Kwenye kompyuta kulikuwa na meza nne za kijani, kila moja imezungukwa na majina ya watu asiowajua, na karata zikigawiwa haraka kuliko macho yake yalivyoweza kufuata.

“Mama, ni pauni mbili tu,” kijana alisema kabla hajaulizwa.

Mama yule alikulia katika nyumba ambayo karata zilichezwa kila jioni. Baba yake na wenzake walikaa barazani wakicheza wahedi wa sitini, wakipiga karata chini kwa kishindo na kutaniana mpaka adhana ya magharibi. Hakuna aliyeweka hata senti. Kamari ilikuwa haramu, na neno lenyewe halikutajwa mbele ya watoto. Lakini asubuhi ile alikuwa amechoka, na pauni mbili ni bei ya mkate na maziwa aliyoshika. Alisema, “Zima ulale,” akaenda zake chumbani.

Baadaye alijilaumu kwa usingizi ule.

Mabati ya bibi

Mama huyo ni mwanachama wa upatu wa wanawake 12. Kila mwezi kila mmoja hutoa pauni 150, na mwezi wa Desemba zamu yake ilikuwa imefika: pauni 1,800. Fedha hizo zilikuwa na kazi moja tu, kuezeka upya nyumba ya mama yake kule Tanga kabla ya mvua za masika.

Kwa kuwa kijana wake, mwenye miaka 20 na anayesomea uhasibu chuo kikuu, ndiye aliyezoea kutuma fedha nyumbani kwa simu, aliziweka kwenye akaunti yake. Nusu zilitumwa mara moja kwa ajili ya mbao na fundi. Nusu nyingine, pauni 900, zingoje mbao zimalizike ndipo zinunue mabati.

Katikati ya Februari kaka yake alipiga simu. “Dada, fundi amemaliza mbao. Za mabati zimekwama wapi?”

Alimwita mwanawe sebuleni. Kijana hakujitetea. Alifungua simu akamwonyesha akaunti. Kati ya pauni 900 zilikuwa zimebaki 260.

Mama alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Kisha akanyamaza siku mbili. Kila asubuhi kijana alimwamkia “shikamoo mama”, naye akaitikia “marahaba” bila kumtazama. Siku ya tatu, baada ya chakula cha usiku, alivuta kiti cha jikoni, akaweka daftari mezani na kusema, “Keti. Nifundishe huo mchezo.”

Kijana alidhani ni mtego. Haukuwa mtego. Mwanamke aliyeendesha hesabu za upatu miaka mingi hakuweza kukubali kwamba fedha zimepotea bila kujua zimepita njia gani.

Somo la jikoni

Mchezo wenyewe unaitwa poka, na aina inayochezwa zaidi mtandaoni ni ile ya Texas. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Katikati ya meza huwekwa karata tano za wote: kwanza tatu kwa pamoja, halafu moja, halafu ya mwisho. Mwenye muunganiko bora wa karata tano hushinda, au yule anayebaki baada ya wengine wote kutupa zao. Kabla ya karata kugawiwa, watu wawili hulazimika kuweka dau, mmoja dogo na mwingine kubwa, na wajibu huo huzunguka meza.

Meza alizoanzia kijana zilikuwa za chini kabisa: dau dogo la lazima peni tano, dau kubwa peni kumi. Hayakuwa mashindano ya kulipa kiingilio na kutolewa. Fedha za mezani ni fedha kweli. Mtu huingia saa anayotaka na huondoka na zake saa anayotaka.

“Wengi huingia na pauni kumi, yaani madau makubwa mia moja,” kijana alieleza. “Mimi niliingia na pauni mbili. Madau ishirini tu.”

“Kwa hiyo uliingia na umaskini kwa makusudi?”

“Ndiyo, mama. Pale umaskini una faida yake.”

Akamweleza faida hizo, na mama akaziandika moja moja.

Ya kwanza, mwenye fedha chache hana maamuzi mengi. Anatupa karata mbovu bila huruma, anangoja jozi kubwa, au ree na mfalme, au ree na malkia. Zikija, anaongeza dau, na mara nyingi fedha zote zinaingia katikati mapema. Hakuna haja ya kukisia kwa raundi nne mfululizo kama mwenye pauni kumi.

Ya pili, akishaweka zote hakuna wa kumfukuza. Wenye nyingi wanaweza kuendelea kutishana wao kwa wao pembeni, lakini yeye ataziona karata zote tano mpaka mwisho.

Ya tatu ndiyo iliyomfanya mama ainue kalamu na kumtazama mwanawe upya. Mtu mwenye jozi ndogo, tuseme saba mbili, hupenda kulipa peni 30 akitumaini saba ya tatu itokee katika zile karata tatu za kwanza. Hilo hutokea takriban mara moja katika nane na nusu. Kabla hajapata, kwa wastani ameshapoteza mara saba au nane, yaani zaidi ya pauni mbili. Akiipata mbele ya mwenye pauni kumi, anaweza kufidia na kubaki na faida. Akiipata mbele ya mwenye pauni mbili, hakuna zaidi ya pauni mbili za kuchukua. Kuwinda kwake hakulipi.

Wachezaji wenye nyingi walichukia jambo hili. Karibu miaka 15 iliyopita baadhi ya kampuni zilipandisha kiwango cha chini cha kuingilia, nyingine zikatenga meza za wenye kidogo na za wenye kingi.

Kijana alikuwa na kanuni zake zimebandikwa ukutani: tupa karata zaidi ya 80 katika kila migawo 100. Dau likiongezeka mara mbili, ondoka mezani. Ukipoteza madau matatu kwa siku, funga kompyuta. Alijua kwamba jozi ya ree huja kwa wastani mara moja katika migawo 221, na aliweza kungoja.

Mama alisoma kanuni zile mara mbili. Alikuwa amejiandaa kumkuta mjinga aliyedanganywa. Alimkuta mtu aliyepiga hesabu vizuri, na hilo lilimuumiza zaidi.

Kikombe cha maharage

“Sasa mwenye meza anakula wapi?” aliuliza.

Kijana alieleza kwamba kampuni haichezi karata. Inakata asilimia tano ya fedha zinazokusanyika katikati, mpaka kikomo fulani. Alilisema hilo kwa haraka, kama mtu anayetaja jambo dogo.

Mama aliinuka akachukua maharage makavu kabatini. Kila punje ni peni kumi, alisema. Akahesabu punje 20 upande wake na 20 upande wa mwanawe. “Tuweke zote. Mara hii umeshinda wewe. Kati ya 40 mwenye meza anachukua ngapi?”

“Mbili.”

Alizitia mbili ndani ya kikombe. Mzunguko wa pili alishinda yeye, zikaingia mbili nyingine. Wakaendelea hivyo, leo wewe kesho mimi, kila mara wakijaza upya mpaka punje 20 kutoka kwenye mfuko. Baada ya mizunguko kumi kila mmoja alikuwa ameshinda mara tano. Kikombe kilikuwa na punje 20, dau zima la mtu mmoja, na hakuna kati yao aliyemla mwenzake.

“Ndiyo maana haitoshi kuwa sawa na wenzako,” kijana alisema polepole. “Lazima uwazidi kwa kiasi cha kulipa kikombe, ndipo uanze kupata chako.”

Alikuwa amewazidi, kidogo. Rekodi zake za Oktoba mpaka Desemba zilionyesha saa 100 mezani na faida ya pauni 60. Mama aligawa. Peni 60 kwa saa. Ni kiasi anachopata yeye kwa dakika tatu hivi za kumgeuza mzee kitandani na kumbadilisha shuka.

“Saa mia moja,” alirudia. “Na mtihani wako wa Januari?”

Kijana alitazama kikombe.

Mara 64

Hapo ndipo hesabu ilipogeuka. Kijana naye alikuwa ameona kwamba peni 60 kwa saa si kitu. Akajiambia kwamba meza ya peni 25 kwa 50 ni kubwa mara tano, kwa hiyo faida nayo itakuwa mara tano. Angebaki na njia ileile, madau 20, ambayo sasa yalikuwa pauni kumi.

Hakuhesabu kwamba kwenye meza hizo wapo watu wanaoijua njia yake kuliko yeye. Wanajua mwenye madau 20 akiongeza ana nini, na wanatupa zao. Hakuhesabu pia kwamba hata anayecheza vizuri hupitia majuma mabaya. Ree na mfalme zikikutana na jozi ya malkia, mwenye jozi hushinda zaidi ya mara 50 katika kila 100. Unaweza kufanya kila kitu sawasawa na ukapoteza mara tano mfululizo.

Pauni zake 80, zile 20 alizoanzia na 60 za faida, ziliisha usiku mmoja. Ndipo alipotazama akaunti na kuona fedha za mabati.

“Nilisema nachukua kumi tu, nazirudisha asubuhi.”

Mama hakumuuliza amepoteza ngapi. Hilo alilijua. Alimuuliza, “Umerudi mara ngapi?”

Kijana hakuwa na jibu. Katika rekodi zake zote alikuwa ameandika karata, saa na faida. Safu ya kurudi haikuwepo. Wakafungua taarifa ya benki, mama akisoma mistari, kijana akichora vijiti daftarini vitano vitano. Siku 11, mistari 64, kila mmoja pauni kumi. Hakukuwa na mstari hata mmoja wa fedha kutoka.

Si kwamba hakushinda kabisa. Mara kadhaa kumi zilikuwa ishirini. Kanuni ya ukutani ilisema ondoka. Lakini mtu anayedaiwa pauni 300 na mama yake haondoki na faida ya kumi. Alibaki mezani na ishirini, kisha arobaini, akiwa sasa mwenye nyingi, katika mchezo ambao hakuwahi kujifunza kuucheza. Njia yake ilikuwa ya mnyonge, na alipoacha kuwa mnyonge hakuwa na njia. Zikaisha, akaweka kumi nyingine. Kuondoka ni kugusa kitufe mara moja, na kurudi vilevile.

Dau dogo lilifanya kazi yake sawasawa. Lilihakikisha kwamba hakuna mgawo mmoja utakaomchukulia zaidi ya pauni kumi. Halikuwahi kuahidi kwamba atakaa pale mara moja tu. Na udogo wake ndio uliomrahisishia kila safari: kumi si kitu, mbili si kitu, mama, ni pauni mbili tu.

Dau la mjomba

Mama angeweza kuificha aibu ile. Angekopa, mabati yangenunuliwa, na Tanga wasingejua. Alifikiri hivyo usiku mzima. Mwishowe alimwambia mwanawe, “Mjomba wako anangoja jibu. Utampa wewe.”

Mjomba ni mvuvi. Ana dau dogo la tanga moja, la kwake mwenyewe. Kijana alipiga simu mbele ya mama yake, sauti ikitetemeka.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba mjomba. Habari za baridi?”

Alimwambia yote. Upande wa pili kulikuwa kimya, ikasikika pikipiki ikipita. Kisha mjomba akauliza huo mchezo ukoje, na kijana akaeleza tena, kwa ufupi, habari ya kuingia na kidogo.

“Wahenga walisema dau la mnyonge haliendi joshi,” mjomba alisema. “Kwenda joshi ni kupanda upande upepo unakotoka. Mimi dau langu ni la mnyonge na nalijua. Asubuhi nikitoka nimeshajua saa ya kurudi. Samaki wawepo wasiwepo, nageuza kabla upepo haujabadilika. Wewe saa yako ya kurudi ilikuwa ipi?”

Kijana hakujibu. Mjomba hakumlazimisha. Alisema tu kwamba atazungumza na mwenye duka la mabati, na kwamba bibi asiambiwe kwa sasa, kwa sababu ya presha.

Baada ya simu kukatwa kijana alilia, kwa mara ya kwanza tangu mambo yalipojulikana. Mama alimwacha alie. Alimpikia chai.

Kilichofuata

Uingereza, kama Tanzania na Kenya, sheria inamruhusu mwenye miaka 18 kucheza. Kijana wa miaka 20 ni mtu mzima, na mzazi hawezi kumfungia mlango kwa nguvu. Anaweza kukaa naye wakati anaufunga mwenyewe.

Usiku uleule kijana alijiandikisha GAMSTOP, mpango wa Uingereza ambao mtu hujizuia mwenyewe kwa kampuni zote za kamari za mtandaoni zenye leseni huko. Unachagua miezi sita, mwaka mmoja au miaka mitano, na ukishachagua huwezi kubatilisha mpaka muda uishe. Alichagua miaka mitano. Kisha akawasha kizuizi cha malipo ya kamari katika akaunti yake ya benki, huduma ambayo benki nyingi za huko hutoa. Tangu Aprili 2020 Uingereza imepiga marufuku kucheza kamari kwa kadi ya mkopo, lakini kadi ya kawaida inayotoa fedha zako mwenyewe inaruhusiwa, na ndiyo iliyobeba mabati ya bibi.

Fedha za nyumbani hazipiti tena kwake. Mama amejifunza kuzituma mwenyewe, polepole, miwani ikiwa puani. Deni ni pauni 640, nalo linalipwa pauni 40 kila mwezi kwa miezi 16, kutoka kwenye kazi ya ghala anayoifanya kijana siku za Jumamosi. Mama hakumsamehe hata pauni moja. Pia hakulitangaza jambo hilo kwa wenzake wa upatu.

Mzazi unayesoma haya kwenye simu yako, pengine mwanao hachezi poka. Pengine ni mikeka ya mpira, au ile ndege inayopaa kwenye skrini. Ukimuuliza amepoteza ngapi, atakutajia kiasi kidogo, na pengine hatakuwa anadanganya. Muulize pia amerudi mara ngapi. Kaa naye mhesabu mistari pamoja.

Tanga, mwenye duka alikubali kutoa mabati ya vyumba viwili kwa mkopo. Masika yaliposhuka, chumba cha tatu kilikuwa bado na paa la zamani. Bibi alihamisha kitanda chake, akaweka sufuria chini ya tundu, akawaambia majirani kwamba mafundi wa siku hizi ni wazito.

Mezani jikoni kule Coventry daftari bado lipo. Limeshapigwa alama tano, zimebaki 11. Siku za Jumamosi kijana akirudi kutoka ghalani, mama hutoa karata, nao hucheza wahedi wa sitini bila kuweka kitu. Kijana hucheza vizuri. Lakini zipo jioni ambazo hunyamaza katikati ya mchezo, kidole gumba kikipapasa ukingo wa meza kana kwamba kuna kitufe pale. Mama huona. Humgawia karata nyingine, akangoja acheze.